Moyo Unaponisuta Baada ya Kuungama

MASWALI YA WASOMAJI

Barua tatu za toleo hili zimetoka visiwani, mbili Pemba na moja Unguja. Waandishi wake hawajuani, lakini kila mmoja anauliza kwa njia yake dhamiri inayoshitaki ina kazi gani katika maisha ya Mkristo, na kama sauti yake ni ya kusikilizwa siku zote. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyenzake, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo mwandishi mwenyewe, nadhani, hajaliona.

*Padri, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa makamo, naishi Wete. Miaka 11 iliyopita jirani yangu, Bi Mkubwa mmoja Mwislamu tuliyepakana naye ukuta, aliniwekesha bangili mbili za dhahabu alipokuwa anakwenda Dar es Salaam kutibiwa. Alifia huko huko. Wanawe hawakuwa na habari ya bangili, nami sikusema. Mwaka uliofuata nilikwama ada ya skuli ya mwanangu, nikaiuza moja kwa sonara kwa shilingi laki nne na nusu. Nyingine ninayo mpaka leo, imefungwa katika kipande kile kile cha kanga alichonipa nayo. Dhambi ya kuiuza ile moja nimeiungama, nikapewa maondoleo na malipizi, nikayatimiza. Lakini kila Sikukuu binti wa marehemu huniletea sahani ya mkate wa mayai iliyofunikwa kwa kawa, na ninapolifunua kawa lile moyo hunisuta hata chakula hakipiti. Jumapili nikipanga mstari wa komunyo, hali huwa ni hiyo hiyo. Mhubiri mmoja alitwambia kwamba Mkristo aliyesamehewa akiendelea kusutwa na moyo, basi huyo hakuamini, na sauti anayoisikia ni ya Shetani. Je, ni kweli? — Mama wa Wete*

Ahsante, Mama, kwa barua ambayo naamini haikuwa nyepesi kuiandika. Nitaanza na neno ulilolitumia mwenyewe, kwa sababu limebeba zaidi ya nusu ya jibu. Umesema moyo hukusuta. Sisi wa visiwani tunajua suto ni kitu gani. Mtu akipeleka maneno ya uwongo, yule aliyesemwa hukusanya mashahidi wake, wakaenda mpaka mlangoni kwa msemaji, wakamwambia uso kwa uso: siku fulani, mbele ya fulani, ulisema hivi na hivi. Suto halina mafumbo; lina siku, lina mahali, lina shahidi, na mara nyingi likishasemwa na mkosaji akakiri, shauri huishia pale pale barazani. Masengenyo ni kitu kingine kabisa. Masengenyo hupita nyuma ya mgongo, humchafua mtu mzima mzima, wala hayamwambii amekosa nini wala afanye nini ili atengenezekewe.

Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi 2:15, anapoieleza dhamiri, anaiita shahidi. Na neno la Kigiriki alilolitumia, ukilifumua, maana yake ni kujua pamoja, kana kwamba ndani ya mtu yumo wa pili aliyekuwapo siku ya tukio. Waebrania wa kale hawakuwa na neno la peke yake kwa jambo hili, walisema moyo tu, kama usemavyo wewe. Daudi alipokata kwa siri upindo wa vazi la Sauli ndani ya pango, Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 24, kinasema moyo wake ulimwuma baadaye kwa sababu ya kile kipande cha nguo. Kipande cha nguo tu, na Sauli mwenyewe alikuwa akimwinda amwue.

Basi ipime sauti unayoisikia. Inakwambia wewe ni mtu mbaya, Mungu amekuchoka, sala zako hazifiki? Kwa mujibu wa barua yako, hapana. Inakutajia bangili, inakutajia Bi Mkubwa wa upande wa pili wa ukuta, na inachagua saa ya kusema: saa ile unapolifunua kawa la bintiye. Hilo ni suto, Mama, si sengenyo. Ni kweli kwamba Ufunuo 12:10 inamwita Shetani mshitaki wa ndugu zetu, na barua ya mwisho ya safu hii itatuonyesha mashitaka yake yanavyokuwa, lakini kwa muda wote niliokaa katika kiti cha kitubio sijapata kusikia kwamba amemhimiza mtu arudishe dhahabu ya yatima.

Hapa ndipo penye lile jambo nililolisema. Umeniandikia kwamba uliungama dhambi ya kuiuza bangili moja, na mimi sina shaka kwamba dhambi hiyo, uliyoiungama kwa majuto, Mungu amekusamehe. Lakini ile ya pili? Ile hukuiuza, kwa hiyo nadhani hukuihesabu. Imekaa ndani ya kipande cha kanga cha mwenyewe, na kila siku inayopita unaiweka upya. Mhubiri wako amedhani moyo wako unalilia jambo la miaka 11 nyuma. Mimi naona unalilia jambo la asubuhi ya leo. Dhamiri yako haikatai msamaha wa Mungu, inakukumbusha kwamba hesabu uliyopeleka kwenye kitubio ilikuwa pungufu kwa bangili moja.

Ukisoma Mambo ya Walawi mwanzo wa sura ya 6, utashangaa jinsi inavyokufaa, kwa kuwa kosa linalotajwa hapo la kwanza kabisa ni la mtu aliyemdanganya mwenzake katika amana. Sheria ilimtaka arudishe kitu kamili, aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe mwenyewe. Kisha ndipo alete sadaka yake kwa kuhani. Tazama utaratibu: mwenye mali kwanza, madhabahu baadaye. Bwana Yesu aliufuata utaratibu ule ule alipofundisha, katika Mathayo 5, kwamba anayeleta sadaka na huku anakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka mbele ya madhabahu aende kwanza akapatane. Zakayo naye hakungoja kuambiwa, alitamka mwenyewe kwamba atarudisha mara nne. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inasema wazi, katika fungu la 1459, kwamba maondoleo huiondoa dhambi lakini hayatengenezi kila kilichoharibiwa na dhambi hiyo, na katika fungu la 2412 kwamba mali iliyoibwa hurudishwa kwa mwenyewe.

Utasema mwenyewe amekufa. Jambo hili pia halikusahauliwa: Hesabu 5:8 inamtazama kwanza jamaa wa karibu wa aliyedhulumiwa, na ni pale tu asipopatikana jamaa ndipo malipo huenda kwa Bwana kupitia kuhani. Wewe jamaa unao, tena anapiga hodi kwako kila Sikukuu. Kwa hiyo usiniletee bangili hiyo kanisani kama sadaka, wala usiigawe kwa maskini ili upate kulala. Irudi kwa warithi wote, si kwa binti mmoja tu kwa kuwa ndiye unayempenda. Mirathi ya Kiislamu ina mafungu yake, na Zanzibar kuna mahakama za Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Kugawa si kazi yako. Ile uliyoiuza, nenda kwa sonara umweleze uzito na unene wake kadiri unavyokumbuka, upate thamani yake ya leo. Laki nne na nusu ya wakati ule hainunui tena bangili ile. Ukiwa huna fedha zote, anza na ile iliyopo, na nyingine ulipe kidogo kidogo.

Najua kinachokutisha si fedha, ni fedheha, na katika mji mdogo fedheha si neno la kuchezea. Kanisa halikudai ujitangaze. Padri anaweza kuifikisha mali kwa wenyewe bila ya kutaja imetoka kwa nani, na siri ya kitubio itamfunga mdomo mpaka kaburini. Njia hiyo ni halali, wengi wameipita. Ila mimi, ukiniuliza, ningekushauri uende mwenyewe kwa yule binti, mchana, baada ya kumaliza kazi zake za jikoni, umkabidhi kile kipande cha kanga mkononi. Huenda atalia, huenda atakukasirikia, huenda sahani ya Sikukuu haitakuja tena. Hilo sitakuficha.

Neno moja la tahadhari, usije ukadhani kwamba kurudisha ndiko kunakonunua msamaha. Yuda naye alirudisha. Mathayo 27 inasema alizipeleka tena zile vipande thelathini vya fedha, akakiri kwa kinywa chake kwamba amekosa, na makuhani wakamjibu kwamba hayo yanawahusu nini wao. Akazitupa hekaluni, akaenda kujinyonga. Petro, aliyemkana Bwana wake mara tatu usiku ule ule, hakuwa na kitu cha kurudisha. Alilia kwa uchungu, na baadaye, kando ya bahari, alikubali kuulizwa mara tatu kama anampenda. Wote wawili walisutwa na moyo. Yuda aliipeleka hatia yake kwa watu wasiokuwa na dawa yake, akabaki nayo peke yake. Kwa hiyo nenda kwenye kitubio wiki hii hii ukiwa na hesabu kamili ya bangili mbili na nia ya kurudisha, pokea maondoleo, kisha pokea komunyo huku unaendelea kulipa.

*Padri, mimi ni kijana wa Mjini, Unguja, kazi yangu ni kutembeza watalii. Nikiwafikisha Mkunazini na kuwaeleza habari za soko la watumwa, karibu kila kundi huniuliza: watu wale walikuwa na dini, walikuwa wanasali, je, hawakuwa na dhamiri? Huwa sina jibu. Na mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza: ikiwa moyo wangu haunisuti kwa lolote, je, niko salama? — Kijana wa Mjini*

Usiwajibu kwamba hawakuwa na dhamiri. Waambie dhamiri ni shahidi, na shahidi hushuhudia kwa kadiri ya kile alichofundishwa kukiona. Mchoma mishikaki wa Forodhani hugeuza kaa la moto kwa vidole vyake, si kwa kuwa moto umepoa, bali kwa kuwa ngozi imekufa ganzi kwa mazoea. Waraka wa kwanza kwa Timotheo 4:2 unazungumzia watu waliochomwa moto dhamiri zao, nami sijapata mfano ulio bora kuliko huo.

Ikiwa kundi lako lina subira, wasimulie habari za John Newton wa Uingereza. Mwaka 1748, katika dhoruba kali baharini, alimlilia Mungu, na maisha yake yote aliihesabu siku hiyo kuwa ndiyo siku ya kuongoka kwake. Baada ya kuongoka, si kabla, akawa nahodha wa meli za watumwa, kuanzia mwaka 1750 hadi 1754. Siku za Jumapili aliwasomea mabaharia wake ibada, na chini ya mbao walizosimama walikuwamo watu waliofungwa minyororo. Aliacha bahari kwa sababu ya maradhi, wala si kwa kusutwa na moyo. Na baadaye aliandika mwenyewe kwamba wakati ule hakupata kuwa na shaka hata kidogo juu ya uhalali wa kazi ile. Akawa kasisi mwaka 1764. Ni mwaka 1788, miaka 34 baada ya kushuka melini, ndipo alipochapisha kijitabu cha kuungama hadharani na kueleza, kwa ushahidi wa aliyeyaona, mambo waliyotendewa watumwa. Alifariki mwaka 1807, mwaka ule ule Bunge la nchi yake lilipopiga marufuku biashara hiyo.

Kwa hiyo sisi Wakristo tusisimame pale Mkunazini kwa majivuno, tukajisahaulisha kwamba meli za watu wa dini yetu zilibeba watumwa kwa karne nyingi. Soko lilifungwa mwaka 1873 na jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale Krismasi ya mwaka huo huo, chini ya usimamizi wa Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini visiwa vyetu viliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, dola iliyojiita ya Kikristo, mwaka 1890, na sheria ya kuondoa utumwa haikutoka hadi mwaka 1897. Miaka saba hiyo wapo waliolala usingizi mzuri.

Ama swali lako la pili, Paulo alikwisha kulijibu katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho 4:4: hajui neno juu ya nafsi yake, lakini hilo halimhesabii haki, maana anayemhukumu ni Bwana. Ukimya wa moyo unaweza kuwa usafi, unaweza pia kuwa ganzi. Kuutambua peke yako ni vigumu. Waulize wanaolipwa nawe, au wale unaowauzia kitu kwa bei ya mgeni.

*Padri, marehemu baba yangu alikuja Pemba kutoka bara kwa kazi ya karafuu akabaki, nami ni mvuvi hapa Mkoani. Miaka sita iliyopita tulikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa Tanga. Nilizima simu ili nisimalize chaji. Usiku ule Mama alizidiwa, wakanipigia mpaka alfajiri, akafa bila ya kuniona. Alikuwa mzima nilipomuaga. Tangu hapo nafunga kila Ijumaa, pweza sili kwa kuwa yeye alimpenda, na kila nikienda kitubio nalirudia jambo hili. Mapadri wananisamehe lakini mimi naona hawajanielewa uzito wake. — Mvuvi wa Mkoani*

Pole sana, mwanangu. Barua yako na ya yule mama wa Wete zinafanana kwa nje tu. Nimekuuliza suto langu kama nilivyomwuliza yeye: siku gani, kwa nani, kosa gani? Siku unayo, mtu unaye, lakini kosa silioni. Ulimuaga mama akiwa mzima, ukaenda kutafuta riziki ambayo naye alikuwa akiila, ukazima simu kwa sababu dago hakuna umeme. Unalojishitakia ni kutojua, na kujua yajayo ni sifa ya Mungu peke yake. Ulicho nacho ni huzuni ya mtoto kwa mama yake, nayo ni haki yako. Ila imevaa nguo za dhambi, na kwa miaka sita umekuwa ukiipeleka kitubioni ikaondolewe, haiondoki, kwa sababu maondoleo ni dawa ya dhambi na wewe ugonjwa wako ni msiba.

Jirani zetu Waislamu, mtu akiwa anarudia udhu mara ya nne na ya tano kwa kuhofu kwamba hakutia maji vizuri, humwambia ana wasiwasi, na mashekhe wao humzuia asirudie tena. Kanisa nalo linaujua ugonjwa huu. Ignatius wa Loyola, ambaye baadaye alianzisha Shirika la Wajesuiti, alipokuwa Manresa mwaka 1522 aliteswa nao kwa miezi mingi: aliungama, akaungama tena, akaziandika dhambi zake zote katika karatasi, na bado alirudi akidhani amesahau moja. Ilifika mahali akajaribiwa kujiangamiza. Alipona alipokata shauri kutoungama tena jambo lolote la zamani, na ndipo akatambua kwamba sauti ile, ijapokuwa ilisema maneno ya toba, haikutoka kwa Mungu. Hayo ndiyo mashitaka ya yule mshitaki niliyemtaja juu: hayana mlango wa kutokea. Yule mama akirudisha bangili, sauti itanyamaza; wewe ukifunga Ijumaa elfu moja, itadai ya elfu na moja.

Maandiko yana neno kwa mtu wa aina yako, katika Waraka wa kwanza wa Yohana 3:20: mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Ukisoma haraka unaweza kudhani ni kitisho. Ni faraja. Anajua yote, pamoja na chaji ya simu.

Sasa nakuagiza, kama padri kwa mvuvi: jambo hili usiliungame tena, hata ukijihisi vibaya kwa kutoliungama. Ijumaa ijayo usifunge kwa ajili yake. Mtolee mama yako nia ya Misa, uende kaburini na ndugu zako mkapafyeke, na mkirudi mpikiwe pweza wa nazi mle pamoja. Ukiona usingizi haurudi na mikono inatetemeka, nenda hospitali pia ukamweleze daktari, wala hilo si kukosa imani. Na msimu huu mkienda dago, muachie mkeo namba ya nahodha, na ya mwenye duka wa kule mnakochajia simu.